Ndevu za Bwana Funguo

Wanyoofu walipouteka mji wetu, hawakuanza na ghala la chakula wala bunduki za jeshi lililokimbia. Walianza na ndevu. Kila mwanamume mzima alipewa muda wa kuotesha ndevu zinazojaa ngumi, na muda ulipokwisha, vijana wao walioitwa Wavutaji walisimama kwenye kona za barabara wakawa wanawakamata watu kidevuni. Wanavuta. Zikibaki, nenda zako na Mungu akuongoze. Zikitoka, au zikikosekana, unapelekwa uwanja wa shule, na waliopelekwa huko wengi wao hatukuwaona tena.

Mimi ni fundi wa nywele za bandia. Kazi hii alinifundisha shangazi yangu, naye alikuwa mkali kama pilipili. Nimewatengenezea waigizaji, maharusi wenye vipara vya siri, na wanawake waliopoteza nywele zao kwa dawa za hospitali. Basi Wanyoofu walipotangaza amri yao, nilijua wateja watakuja. Wanaume wa mji huu walikuwa wamelazimishwa kunyoa kwa miaka mingi na serikali iliyotangulia, na kidevu nacho kikikaa bila kazi husahau kazi. Walikuja kwa mlango wa nyuma, watu wakubwa na heshima zao, wana haya kama mabikira. Mmoja alikuwa akihutubia redioni kwamba Mungu ni hadithi ya kulazia watoto. Sasa ananiuliza kama ndevu nene zinaonyesha imani zaidi kuliko nyembamba.

Nikamwambia zinaonyesha joto zaidi, baba, hasa mchana.

Serikali hiyo iliyotangulia ilijiita Mwangaza. Hao walisema hakuna Mungu, na asiyekubali alikubalishwa. Nyumba za ibada zilifanywa maghala ya mbolea. Wenye ndevu walitiwa jela, wakanyolewa, na baadhi yao wakafia humohumo. Kwa hiyo mtu asiniulize nani alikuwa afadhali. Fimbo ilikuwa ileile, kilichobadilika ni wimbo unaoimbwa mtu akipigwa.

Mume wangu, ambaye mji mzima unamwita Mwalimu, haamini Mungu. Haamini kwelikweli, si kwa sababu ya kuogopa serikali. Alianza tangu ujana wake, polepole, kama mtu anayehama nyumba chumba kwa chumba. Alikuwa akifundisha hesabu na sayansi. Lakini siku watu wa Mwangaza walipoingia shuleni na mkasi kumnyoa mlinzi wa shule, mume wangu alisimama mlangoni akawaambia mbele ya wanafunzi, "Mimi pia siamini, lakini kidevu cha mtu si mali ya serikali." Walimvunja mfupa wa bega, wakamfukuza kazi. Yule mlinzi walimchukua hivyohivyo.

Waumini walituletea maziwa na mayai kwa siri mwaka mzima. Wanyoofu walipokuja, waumini haohao walipita mbele ya nyumba yetu wakitazama viatu vyao, maana kumjua mtu asiyeamini kulikuwa kumegeuka hatari. Shukrani ya punda ni mateke.

Na huyo Mungu asiyeaminiwa alikuwa amemfanyia mume wangu mzaha mmoja: alimnyima ndevu. Kidevu chake ni laini kama yai. Nikamwambia nitamtengenezea zake, nzuri kuliko za wote, hata mimi mwenyewe nisizitambue. Akakataa.

"Sikuvaa uongo wao wa kwanza," akasema, "sitavaa na huu."

"Vaa uongo ubaki na kichwa, mume wangu. Ukweli utauvaa ndani."

"Mke wangu, niache."

Nilimwacha, lakini nilimfungia chumba cha ndani na madirisha nikayaziba kwa mapazia mazito. Akawa anaishi humo na vitabu vyake na kikohozi chake. Kila hatua ya mtu barabarani niliihesabu mpaka ikapita mlango wetu. Sikuwa na wazo jingine kichwani mwangu ila lile moja, kwamba siku watakayogonga mlango huu, mume wangu amekwisha.

Aliyegonga alikuwa Bwana Funguo.

Alikuja saa ya chakula cha mchana, barabara ikiwa tupu. Wakati wa Mwangaza alikuwa mkuu wa jela, akitembea na shada la funguo kiunoni, ndiyo maana ya jina hilo. Watu walimsikia kabla ya kumwona. Siku hiyo hakuwa na funguo. Alikuwa na gunia dogo kwapani na vinyweleo vichache vya aibu kidevuni.

"Mama fundi," akasema, "nataka ndevu. Nyeusi tii, zijae ngumi, na zihimili kuvutwa. Nywele nimekuja nazo."

Nilifungua gunia. Nywele za kidevu nazijua hata nikifumba macho. Ni nzito, zina mikunjo, zinasokotana zenyewe. Hizi zilinuka dawa ya chawa na ukuta wenye unyevu.

"Za nani hizi?"

"Za stoo."

"Stoo haioti ndevu, Bwana Funguo."

Akatabasamu. Akageuza kichwa kuelekea chumba cha ndani, ambako mume wangu alikuwa amejizuia asikohoe mpaka akashindwa. "Wanyoofu wanatafuta mtu anayejua kuendesha jela," akasema taratibu. "Nikipata ndevu, mtu huyo ni mimi, na Wavutaji watakuwa watu wangu. Mlango huu hawataugusa. Ndevu zangu zikidumu, na kidevu chake kitadumu. Umenielewa, mama?"

Nilimwelewa vizuri kabisa.

Nywele huoshwa kwanza, halafu huchanwa kwa chanuo la misumari, halafu hupangwa, mizizi upande mmoja na ncha upande mmoja. Ukizichanganya, ndevu zitajisokota usoni mwa mtu mpaka zifanane na kiota. Baada ya hapo unachukua wavu mwembamba usioonekana na kulabu ndogo, unaanza kufunga unywele mmoja mmoja. Ni kazi ya kuumiza shingo. Nilipokuwa nikizipanga, nilikuta katikati ya zile nyeusi kishungi cha nywele nyeupe kama pamba.

Nilijua mara moja. Kulikuwa na mtu mmoja tu katika mji huu mwenye ndevu nyeusi na doa jeupe upande wa kushoto. Alikuwa nalo tangu ujana wake, watu wakimtania kwamba alikunywa maziwa akasahau kujifuta. Ndiye yule mlinzi wa shule. Jioni, katika nyumba ya ibada, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, na kwa hiyo tulimwita Mwimbishaji. Mkewe ni jirani yangu, anachemsha sabuni na kuizungusha kwa beseni, nasi tunamwita Mama Sabuni. Alipewa habari ya kifo cha mumewe kwenye dirisha la jela, hakupewa maiti.

Nilizitoa zile nyeupe zote, nikazitupa jikoni kwenye makaa. Kisha nikaendelea na kazi. Sikukosea hata fundo moja, na nilijichukia kwa hilo, lakini kikohozi cha chumba cha ndani kilikuwa kinanikumbusha kila saa ninaifanya kazi hii kwa ajili ya nani.

Mume wangu alitoka kuja kunywa maji akasimama nyuma yangu.

"Za marehemu?" akauliza.

"Za walio hai ziko kwenye videvu vyao."

Akakaa kwenye kiti cha wateja. "Kwa hiyo mtu yule atapita akiwavuta watu ndevu, naye amevaa za mtu aliyemuua mwenyewe."

"Ndiyo."

"Na sisi tutakula chakula chetu."

"Ndiyo, Mwalimu, na kinapoa."

Hakula. Mimi nilikula, nikala na chake.

Ndevu zilitoka nzuri, sitasema uongo. Nilizigandisha kwa gundi kali ya utomvu, nikamwonyesha namna ya kuzivua kwa spiriti kila anapolala ili ngozi ipumue. Bwana Funguo alijitazama kwenye kioo akazishika, akazivuta mara mbili, akacheka. Haukupita muda akawa mkubwa wa Wavutaji. Alifungua jela ileile, kwa funguo zilezile. Wale aliowafunga zamani kwa kusali, sasa aliwafunga wengine kwa kutosali, na kuna waliofungwa nyakati zote mbili, maana bahati mbaya nayo ina wenyewe. Wanyoofu wakamsifu kwamba hakuna mwenye bidii ya dini kumshinda. Na kweli, mlango wetu haukuguswa.

Kisha akarudi.

"Zipunguze," akasema, akakaa bila kusalimia.

Nilimfunga shuka shingoni. Nilipoinua uso wake kwenye mwanga, mkasi niliuweka chini. Nilikuwa nimetengeneza ndevu za ngumi moja. Hizi zilimfika kifuani.

Nywele zilizokatwa hazikui. Hili halina mjadala wa imani, ndiyo kazi yangu na ndio mkate wangu. Nikazishika ncha, nikazifuata kwa vidole kwenda juu, na upande wa kushoto, chini kidogo ya mdomo, nikakuta doa jeupe.

"Nilizitoa hizi," nikasema. Sauti ilinitoka kama ya mtu mwingine.

"Basi ulisahau baadhi."

"Unazivua unapolala?"

"Punguza, mama."

Nilichukua chupa ya spiriti nilainishe ukingo nitazame wavu. Akanidaka mkono. Kiganja chake kilikuwa cha baridi na kimelowa. "Nimesema punguza tu."

Nikapunguza. Alitulia, macho kayafumba, na mkasi ulipokuwa ukilia, nilianza kusikia wimbo. Alikuwa anauimba puani, chini kwa chini, ule wimbo wa jioni wa nyumba ya ibada, wenye mahali pale katikati ambapo Mwimbishaji alikuwa akivuta sauti kidogo kuwangoja wazee wapate pumzi. Bwana Funguo hakuwahi kukanyaga nyumba ya ibada. Na pale katikati, akavuta sauti, akangoja.

"Wimbo huo umejifunza wapi?"

Akafumbua macho. "Wimbo gani?"

Hakuwa anatania. Niliona usoni mwake kwamba hajui. Alijifuta shingo akaondoka haraka bila kunipa mkono.

Nilikwenda nyuma kuchukua ufagio. Niliporudi, zile nywele nilizokata, zilizokuwa zimeanguka ovyo pande zote za kiti, zilikuwa zimelala sakafuni kwa mpangilio, mizizi upande mmoja na ncha upande mmoja. Hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Nilizifagia nikiwa nimegeuzia uso ukutani.

Nilipomweleza mume wangu, aliweka kitabu chini akanisikiliza vizuri, kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyekosa hesabu lakini amejitahidi. Akasema nywele zenye mikunjo zikilowa jasho hunyooka, zikaonekana zimerefuka. Akasema feni ya dirishani ndiyo iliyozisukuma zile za chini upande mmoja. Wimbo ule jela nzima ilikuwa ikiuimba, mkuu wa jela asiujue vipi?

"Na nyeupe?"

"Ulifanya kazi ile kwa hofu, mke wangu. Ulizibakiza."

Nilimshukuru. Nilitaka sana iwe hivyo.

Lakini Bwana Funguo alipotoka kwangu siku ile, kabla sijakwenda kuchukua ufagio, alipishana mlangoni na Mama Sabuni na beseni lake kichwani. Mama Sabuni aliingia, akalitua beseni sakafuni, akabaki amesimama. Ni mama mwembamba, wa maneno machache, mikono imebabuka kwa magadi.

"Dada," akasema, "yule mtu ana maziwa kidevuni."

Nikajifanya napanga kulabu zangu.

"Ni kazi ya mikono yako?"

"Mama Sabuni, nyumba hii ina mtu ndani. Unamjua."

"Namjua. Shemeji alivunjwa bega kwa ajili ya mume wangu." Alijitwisha beseni lake. "Usiogope. Jina lako sitalitaja."

Nilitaka kumshika nguo nimzuie. Nilimwacha aende.

Siku ya ukaguzi mkubwa ilipofika, wanaume wote walipangwa mistari kwenye uwanja wa shule. Mimi nilibaki nyumbani, mlango nimeufunga. Hodi ilipigwa kwa teke. Wavutaji wawili waliingia wakaniambia niwafuate. Mama Sabuni, walisema, alikuwa amepenya mistari akaenda hadi mbele, akamnyooshea Bwana Funguo kidole na kupiga kelele kwamba ndevu zile ni za mumewe, azivue. Mkuu wa Wanyoofu mwenyewe yuko pale, na anamtaka fundi wa nywele azikague mbele ya watu.

Kabla sijavaa viatu, mlango wa chumba cha ndani ulifunguka. Mume wangu alitoka, kidevu chake kikimetameta kama sahani iliyooshwa.

"Nakwenda naye," akasema.

Wale vijana walitazamana wakacheka. Nilitamani nimzabe kofi. Miezi yote ile ya mapazia, naye anatoka mwenyewe kama anakwenda dukani! Njiani hakunilaumu, hakuniasa lolote la kujiokoa. Tulipofika langoni mwa shule alisogeza mdomo sikioni mwangu. "Sema utakachokiona. Usiongeze, usipunguze."

Mkuu wa Wanyoofu alikuwa kijana wa sauti laini, zamani akiuza miwani. Alikuwa ameketi kwenye meza iliyotolewa darasani. Mama Sabuni alikuwa amepigishwa magoti kando, mikono imefungwa nyuma. Mume wangu wakampigisha magoti ubavuni kwake. Bwana Funguo alikuwa amesimama katikati ya jukwaa la saruji, na ndevu zake, nilizozipunguza juzijuzi tu, zilikuwa zimefika tena kifuani.

"Mama," Mkuu akaniambia, "kila mtu anajua hakuna fundi kama wewe. Mwanamke huyu anasema ndevu za ndugu yetu ni za maiti. Zikague. Zikiwa za bandia, ndugu yetu ametudanganya na atalipa. Zikiwa zake, mwanamke amemtukana mtu wa Mungu, naye atalipa."

Hakuuliza nani alizitengeneza. Alinitazama tu, na nikaelewa kwamba swali hilo lilikuwa linasubiri zamu yake. Fundi ni mmoja mjini.

Nataka lieleweke jambo hili. Nilipopanda jukwaa lile nilikuwa nimekwisha kuamua kusema ni za bandia. Nilikuwa nimemwona Mama Sabuni na magoti yake kwenye kokoto, na hasira ilikuwa imenipanda mpaka hofu ikakosa mahali pa kukaa. Tungekufa sote wanne, Bwana Funguo akiwemo. Liwalo na liwe.

Nilipitisha ukucha chini ya ukingo wa ndevu, kwenye shavu, pale ninapomalizia wavu kwa fundo ambalo nalijua peke yangu. Sikulipata. Nikapitisha tena. Nikaenda shavu la pili. Nikainua ndevu, nikachungulia chini ya kidevu kwenye jua kali. Hapakuwa na wavu wala gundi. Palikuwa na ngozi, na kwenye ngozi vitundu, na katika kila kitundu unywele umetoka na tone dogo la jasho kwenye shina lake. Nikashika chache nikavuta kwa nguvu. Ngozi ikanyanyuka nazo.

Bwana Funguo aliniinamia. Watu walidhani anavumilia maumivu.

"Nimejaribu kuzivua," akaninong'oneza. Pumzi yake ilikuwa ya mtu asiyelala. "Nazinyoa, zinarudi kabla sijajikausha uso. Anaimba, mama fundi. Anatumia mdomo wangu. Nakuomba, wewe ndiye uliyeziweka, ziondoe."

Nilimtazama machoni. Ndani kulikuwa na mtu mwoga amejikunyata, mfungwa.

"Mama," Mkuu akaita kutoka mezani. "Tunasubiri."

"Ni zake," nikasema. "Zimeota."

Uwanja mzima ukavuma kwa sifa za Mungu. Mama Sabuni hakulia. Alinitazama, akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyefika dukani akaambiwa bidhaa imekwisha. Mkuu akatamka kwamba mwanamke huyo ataadhibiwa kesho asubuhi palepale. Kisha Bwana Funguo akafungua mdomo, na kwa sauti nzito ya kuimba ambayo haikuwa yake akasema, "Mpeni fundi mume wake."

Mkuu akainua mkono kukubali, tukarudi nyumbani tukiwa hai wawili. Nilifunga mlango nikauegemea. Nilidhani atanikumbatia.

"Wavu ulikuwa shavu gani?" akauliza.

"Hakukuwa na wavu."

"Mke wangu. Niliona ukiufunga. Nilikaa kwenye kile kiti."

"Nami nimeutafuta. Haupo. Zimeota, Mwalimu, zina mizizi, zina jasho. Uliniambia niseme nitakachokiona, nimesema."

Alikuwa ananitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko kofi. "Ulitaka kuniokoa," akasema. "Naelewa. Mtu yeyote angefanya hivyo. Lakini usiniambie mimi kwamba ni muujiza. Waambie wao."

"Naapa kwa Mungu..."

Sikumaliza. Alitabasamu kwa uchovu, nami nikaona upumbavu wangu. Sikuwa na kitu cha kumwapia mtu huyu. Kaburi la mama yangu kwake ni udongo, na macho yangu aliyakataa kwa kuwa yalikuwa yamelegea kwa mapenzi. Miaka yote niliyoishi naye nilipenda kwamba hadanganyiki. Siku ile nililia nikitamani adanganyike mara moja tu.

Alfajiri ilipokucha nilimkuta ameoga, amevaa shati lake la kufundishia. Niliziba mlango kwa mwili wangu wote.

"Watavuta na hazitatoka," nikasema. "Utakufa bure."

"Nitasema nilizitengeneza mimi. Wewe hujui lolote, umekagua kwa mikono inayotetemeka. Zikitoka, yule mama anarudi kwenye sabuni yake." Aliniondoa mlangoni taratibu, kwa mkono wa upande wa bega zima. "Ningependa kukuamini. Unajua hilo?"

Nikamfuata mbio bila viatu.

Alisimama katikati ya uwanja uleule aliokuwa akiwapanga wanafunzi wake asubuhi, akasema kwa sauti ya darasani kwamba ndevu za Bwana Funguo zimetengenezwa kwa nywele za Mwimbishaji, kwamba amezifunga yeye kwenye wavu, unywele mmoja mmoja, na kwamba Mama Sabuni, aliyeletwa palepale amefungwa, amesema kweli. Watu walinong'ona. Hata baadhi ya Wavutaji walimgeukia mkubwa wao. Kwa kitambo kidogo nilidhani mambo yanaweza kugeuka.

"Basi zivute mwenyewe," Mkuu akasema kwa ile sauti yake laini. "Nani anamzuia?"

Mume wangu alipanda jukwaani. Bwana Funguo alimnyooshea kidevu kwa hamu, macho yamejaa machozi, kama mgonjwa mbele ya tabibu. Mume wangu akazikusanya ndevu kwa mkono, akazungusha mara moja kwenye ngumi, akavuta. Akaweka mguu mbele akavuta kwa uzito wake wote. Bwana Funguo alipiga ukelele akaanguka magotini, damu ikamtiririka shingoni, na watu wote uwanjani, mistari yote, wakaanguka kifudifudi wakilitaja jina la Mungu.

Tulibaki wima watatu: Mwalimu, Mama Sabuni aliyekuwa amenyanyuka na kamba zake, na mimi.

Mume wangu alifungua ngumi. Alizitazama nywele chache zilizobaki kiganjani, akazisogeza karibu na macho, akazigeuza kwenye mwanga aone mizizi. Alichukua muda wake, kama kawaida yake. Kisha akainua kichwa na kunitafuta juu ya ile migongo yote iliyoinama. Aliponiona, aliweka mkono kifuani akanitikisia kichwa, mara moja, polepole, uso umejaa aibu. Nilimwinulia mkono kumwambia si kitu. Sijui kama aliuona, maana Wavutaji walikuwa wamekwisha kuinuka na kumfikia.